Timu ya roboti yenye mashini moja: mumoja anajifunza, wengine wanaangalia

Ni saa nane ya muchana, masomo yamekwisha. Ku meza kuko karatasi ngumu, magurudumu mawili, moteri ndogo, nyuzi za rangi na kadi moja ya Arduino. Wanafunzi kumi na wawili wamezunguka meza. Laptopu iko moja. Kijana mumoja, ule mwenye nyumbani kwao kuko ordinateri, ndiye anakaa mbele ya klaviye. Wengine wanasimama nyuma yake. Wasichana wanashika nyuzi na kusoma orodha ya vifaa. Saa tisa na nusu umeme unakatika, batri inakufa ndani ya dakika tano, na kila mutu anarudi nyumbani. Ndani ya raporti ya shule itaandikwa kama wanafunzi kumi na wawili walijifunza roboti. Kwa kweli alijifunza mumoja.

Wazazi na walimu wengi wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira wataitambua picha hii. Na kila mara jibu linakuwa lilelile: kuandikia mufazili barua, kuomba laptopu mupya, kisha kungoja. Mwaka wa shule unapita. Wakubwa wanafanya Examen d'État na kuondoka, wadogo wanaanza tena na mashini ileile moja. Swali lenyewe ndilo linaulizwa vibaya. Si «mashini mupya itatoka wapi?» Ni «leo, mikono mingapi itagusa klaviye?» Mwenye kuuliza swali hili la pili ataona kama njia iko karibu kuliko vile watu wanafikiri: laptopu za okazioni, zenye kuchaguliwa vizuri, zenye kujaribiwa mbele ya kulipa, na zenye kuwa mali ya timu nzima.

Kwanza inafaa kufahamu roboti ya wanafunzi inaomba nini. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 katika muji wa Ivrea, inchini Italia, ili kusaidia wanafunzi wenye hawakusomea elektroniki. Kadi yake yenye kujulikana zaidi, Arduino Uno, iko na nafasi ya kilobayti 32 tu kwa kuweka programu, na memwari ya kilobayti 2 kwa kuitumikisha. Laptopu ya kawaida ya memwari ya giga 8 inaipita mara zaidi ya milioni 4. Laptopu haiendeshi roboti. Kazi yake ni tatu: mwanafunzi anaandika programu, mashini inaigeuza kuwa luga yenye kadi inaelewa, kisha inaituma kwa kamba ya USB. Kiisha hapo kamba inaondolewa, na roboti inatembea peke yake.

Kazi hiyo haiombi mashini ya kisasa. Programu ya zamani ya Arduino, ile ya namba 1.8, inatumika hata ku mashini yenye memwari ya giga 4. Na si Arduino tu. Katika mashindano ya FIRST Global, yenye yalianza Washington mwaka 2017 na yenye kila inchi inatuma timu moja ya vijana wa miaka 14 hadi 18, kifaa chenye kuongoza roboti kinaweza kupokea programu kupitia Wi-Fi yake chenyewe, ndani ya ukurasa wa kawaida wa intaneti. Mwanafunzi anaweza kuandika programu yake bila kuingiza programu nzito ndani ya laptopu. Mwenye kusema kama roboti inaomba mashini ya dolari elfu moja anachanganya roboti na michezo ya video.

Basi, laptopu ya namna gani inatosha? Memwari ya giga 8, ao giga 4 kama feza ni kidogo. Diski ya SSD, si diski ya zamani yenye kuzunguka, kwa sababu SSD inawasha mashini haraka na haiogopi sana kutikiswa ndani ya mufuko ku njia mbaya. Matundu mawili ya USB yenye hayalegei. Batri yenye inashika saa mbili. Ni hayo tu. Mashini zenye ziliundwa kwa maofisi, kama vile ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell ao EliteBook za HP, ziko na faida nyingine: fundi anazifungua kwa urahisi, na batri, klaviye ao diski yake inaweza kubadilishwa. Laptopu nyembamba ya mapambo inaweza kupendeza macho, lakini siku klaviye yake inakufa, mara nyingi na mashini yote inakufa.

Wakati huu ni mwema kwa kutafuta, na sababu yake iko mbali na Kongo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza musaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 yenye kuichukulia nafasi inakataa mashini nyingi za zamani: inaomba kifaa cha usalama chenye kuitwa TPM 2.0, na kwa mashini za Intel inaomba kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, yaani za tangu mwaka 2017. Maofisi ya Ulaya na Marekani yenye kuwa na mashini za kizazi cha 6 ao cha 7 yanaziondoa, hata kama zingali zinatumika vizuri. Sehemu ya mashini hizo inapita Dubai ao Kampala, na mwisho wake ni ku vibanda vya miji yetu.

Hapo ndipo timu inaweza kupata faida, na hapo tena ndipo inaweza kudanganywa. Faida ni kama mashini yenye Windows 11 inakataa haijakufa. Linux Mint, yenye kupatikana bure, inaomba memwari ya giga 2 tu, na giga 4 kwa kutumika bila kuchelewa. Inapokea masahihisho ya usalama, inatumika na Arduino, na haiombi leseni ya kuibwa. Udanganyifu ni ule muuzaji mwenye kuingiza Windows 11 kwa nguvu ndani ya mashini yenye haikubaliwi, kisha anaongeza bei kwa sababu «iko na Windows ya mupya». Siku masahihisho yanakataa kuingia, yule muuzaji hayuko tena pale.

Njia ya mashini hizi hadi ku shule si fupi. Wafanyabiashara wa Butembo na Beni wanajua njia ya Kampala na Kasindi. Wale wa Bunia wanapokea muzigo kutoka Mahagi na Aru. Uvira inaangalia Bujumbura. Tangu vita ilifika ndani ya Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katika Februari, njia hizi zimekuwa nzito zaidi. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki zilifunga milango, na familia nyingi zilipoteza vitu vyenye waliweka akiba kwa miaka. Katika hali kama hiyo, kusema juu ya roboti kunaweza kuonekana kama kuchezea shida za watu. Lakini mutoto mwenye miaka 15 hawezi kuambiwa angojee amani ndipo akili yake ianze kukomaa. Miaka yake inaenda. Ni kwa sababu feza ni kidogo ndipo inafaa kila dolari itumikishwe kwa akili.

Chukua mufano wa timu yenye kukusanya dolari 600. Bei zinabadilika kila muji na kila juma, kwa hiyo hesabu hii ni ya kuonyesha njia tu. Kwa feza hizo inaweza kununua laptopu moja mupya ya bei ya chini. Ao, kama imepata okazioni nzuri kwa dolari 130, itanunua ine kwa dolari 520, na dolari 80 zitabaki: batri moja mupya, sharjeri moja ya akiba, flashi moja ya USB na mushahara wa fundi wa siku moja. Wanafunzi kumi na wawili watajigawa watatu watatu. Mumoja anaandika programu, mwingine anafunga nyuzi, wa tatu anasoma na kutafuta makosa. Kila nusu saa wanabadilishana. Kiisha saa moja na nusu, kila mutoto amekaa mbele ya klaviye dakika 30. Kwa mashini moja, muda uleule unampa kila mumoja dakika saba na nusu, kama kila mutu anaheshimu zamu yake. Na kila mwalimu anajua kama zamu hiyo haiheshimiwi.

Kuna watu watasema kama okazioni inakufa haraka. Ni kweli kama imenunuliwa vibaya. Lakini mashini ine za zamani ziko na nguvu yenye moja mupya haina: moja ikikufa, tatu zinabaki, na ile yenye kukufa inatoa diski, memwari na sharjeri kwa wenzake. Mashini moja mupya ikianguka ao ikiibwa, timu yote inasimama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wengine watasema kama siku hizi mutoto anaweza kufanya kila kitu ku telefone. Telefone inasaidia kusoma masomo na kuangalia video, na kuko hata programu za Android zenye zinatuma kazi ndani ya Arduino kupitia kamba ya pekee. Ni nzuri kwa kuokoa siku yenye umeme umekatika. Lakini kuandika mistari mia moja ya programu ku ekra yenye kuenea mukononi, kutafuta nukta moja yenye kukosekana, na kufanya hivyo pamoja na wenzako wawili, ni kuwachosha watoto bure.

Kazi kubwa basi ni kujua kununua. Katika biashara hii watu wengi wanauziwa mbuzi ndani ya gunia. Mashini inawashwa dakika mbili, ekra inang'aa, bei inasemwa, feza zinatolewa. Shule yenye inaheshimu feza za wazazi haiwezi kununua hivyo. Inafaa itume watu watatu: mwalimu, muzazi mumoja wa kamati, na mwanafunzi mwenye kuzoea mashini. Wakae ku duka saa moja kwa kila laptopu, bila haya. Muuzaji mwenye kukataa mashini yake ijaribiwe ameisha kutoa jibu.

Jambo la kwanza ni batri. Mashini yenye Windows inakubali kuandikiwa amri «powercfg /batteryreport», na hapo inatoa karatasi yenye namba mbili: nguvu batri ilikuwa nayo wakati wa kuundwa, na nguvu inaweza kushika leo. Kama ya kwanza ni 50 000 na ya pili ni 20 000, batri imebaki na sehemu mbili juu ya tano. Si lazima kuacha mashini kwa sababu hiyo, lakini bei ya batri mupya itoke ku bei ya mashini. Kwa Bukavu yenye kungoja zamu ya umeme wa Ruzizi, ao kwa shule yenye kutumikisha plake ndogo ya jua, batri si kitu cha kuongezea. Laptopu isiyo na batri ni kiti cha kukaa mukingoja umeme.

Jambo la pili ni kufuli zenye hazionekani. Mashini nyingi zenye kutoka ku kampuni za Ulaya na Marekani ziliwekewa neno la siri ndani ya BIOS, ao zingali zimeandikwa kwa jina la kampuni. Ku duka zinawaka vizuri. Siku timu inaziunganisha na intaneti na kuingiza Windows upya, ekra inaomba adresi ya mufanyakazi wa kampuni yenye hakuna anayeijua. Dawa ni kuingia ndani ya BIOS mbele ya muuzaji, kisha kuunganisha mashini na intaneti ya telefone na kuangalia kama inaomba ruhusa ya mutu. Mashini yenye kuomba jina la kampuni inawezekana iliibwa, na shule haina ruhusa ya kufundisha watoto sayansi kwa mali ya wizi.

Jambo la tatu ni Chromebook. Ziko nyingi, ni nyepesi, na bei yake ni ya kuvuta macho. Lakini kila Chromebook iko na tarehe yenye Google inaacha kuipa masahihisho, na zile zenye zilitoka ku shule za Marekani zinaweza kuwa zingali zimefungwa na shule hiyo. Tena, programu ya kawaida ya Arduino haiingie ndani yake kwa njia ya kawaida. Kwa muji wenye intaneti ni ghali na inakatika, si chaguo la kwanza.

Jambo la ine linaonekana dogo: klaviye. Watoto wa Kongo wanajifunza ku AZERTY ya Kifaransa. Mashini zenye kutoka Dubai ao Marekani ziko na QWERTY, na za Ubelgiji ziko na AZERTY yenye alama zingine mahali pengine. Kwa kuandika barua, mutu anazoea. Kwa kuandika programu, yenye inajaa mabano na nukta-mukato, timu yenye mashini ine za klaviye tatu tofauti itapoteza muda kila siku. Ni heri zote ziwe za aina moja, hata kama ni QWERTY. Kununua mashini ine za modeli moja kunafanya tena sharjeri na batri zibadilishane.

Kiisha hayo, kuko majaribio mawili yenye hayaombi feza. La kwanza: kuja na flashi yenye Linux Mint na kuwasha mashini kupitia flashi hiyo. Inawaka bila kugusa diski, na ndani ya dakika kumi timu itajua kama Wi-Fi, sauti, ekra na kila kidole cha klaviye vinatumika. La pili ndilo la maana kuliko yote: kuja ku duka na kadi ya Arduino na kamba yake. Mashini yenye Windows inaweza kufungua programu ya Arduino kutoka ku flashi. Mwanafunzi aitume kazi ile ndogo yenye kila mwanzilishi anajua, yenye inawasha na kuzima taa ndogo ya kadi. Kadi nyingi za bei ya chini kutoka China zinatumikisha chipu ya CH340, yenye inaweza kuomba programu yake ndogo ku Windows. Hiyo pia iwe ku flashi. Taa ikiwaka na kuzimika, mazungumuzo ya bei yanaweza kuanza. Isipowaka, kwaheri. Na mwisho, fakture yenye namba ya kila mashini na garanti ya siku zenye muuzaji ameandika kwa mukono wake.

Ku upande wa zawadi, kuko njia zenye hazitumikishwi vya kutosha. Mashirika ya kimataifa, mabenki, kampuni za telefone na vyuo vikuu vya hapa Kongo vinabadilisha ordinateri zao kila miaka michache. Zingine zinalala ndani ya depo hadi zinakuwa takataka. Barua ya prefe pamoja na kamati ya wazazi, yenye kuomba mashini tano zenye kuondolewa, yenye kusema ni timu gani itazitumikisha na nani ataandikwa kama muchungaji wake, ni rahisi kupewa jibu kuliko barua yenye kuomba dolari 5 000. Ku Ulaya kuko mashirika kama Close the Gap ya Ubelgiji, yenye inakusanya ordinateri za makampuni na kuzitengeneza kwa ajili ya shule na miradi ya Afrika, na Labdoo, yenye watu wake wanaingiza Linux ndani ya laptopu za zamani na kuomba wasafiri wazibebe ndani ya mizigo yao. Na kila familia iko na ndugu, shangazi ao mujomba Brussels, Paris, Montréal ao kwingine. Badala ya kumuomba feza, anaweza kuombwa laptopu moja ya ofisi yake, diski yake ikiwa imefutwa na sharjeri yake ikiwa ndani.

Lakini zawadi nayo inajaribiwa. Mashini yenye haiwaki si zawadi, ni takataka yenye mutu ametafutia mahali pa kutupia. Tangu Januari 1, 2025, mukataba wa Basel unaomba takataka zote za elektroniki zisivuke mupaka bila inchi yenye kupokea kuambiwa na kukubali kwanza. Sheria hiyo iko na maana kwa Kongo, yenye haina mahali pengi pa kuchomoa vyuma na batri bila kuwatia watu sumu. Shule isione haya kukataa katoni ya mashini zenye kukufa. Kukubali kila kitu kwa sababu ni bure kunaacha darasa limejaa vumbi na watoto bila kazi.

Feza na mashini zikipatikana, linabaki swali lenye watu wanakwepa: nani atazishika? Katika shule nyingi kitu cha bei kinafungwa ndani ya ofisi ya prefe, na kinatoka siku wageni wanakuja kupiga picha. Wengine wanazipeleka nyumbani «kwa usalama», na hazirudi. Laptopu ya timu inafaa kuandikwa ndani ya daftari, na namba yake, tarehe yake na jina la mwenye kuichukua kila siku. Funguo mbili, moja kwa mwalimu, moja kwa mujumbe wa wazazi. Kamati ya wazazi isomewe daftari hiyo kila mwisho wa muhula. Shule ya msingi ilitangazwa kuwa bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari ingali inalipwa. Muzazi mwenye kuuza ndizi ao mukaa ili alipe minervali iko na haki ya kujua mashini yenye feza zake zilichangia iko wapi.

Na zamu iandikwe ku ukuta, na majina ya wasichana yawe ku klaviye sawa na ya wavulana. Kinshasa iliisha kuona mufano: tangu mwaka 2013 roboti kubwa zenye kuongoza magari zilisimama ku njia-panda zake, na mwenye kuziunda ni mwanamuke wa Kongo, injinia Thérèse Izay Kirongozi. Kati ya wale wasichana wenye wanashika nyuzi nyuma ya kijana mumoja, hakuna anayejua ni yupi angeweza kufika huko. Haitajulikana kamwe kama hapewi nafasi ya kukosea programu yake mwenyewe na kuisahihisha.

Serikali nayo iko na sehemu yake, na haiombi bajeti kubwa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ndani ya soko lenye laptopu nyingi zinapitia. Idara ya duane inaweza kubandika ku kila mupaka karatasi moja yenye kusema wazi laptopu ya okazioni yenye kwenda ku shule inalipa nini na hailipi nini, na ni barua gani inatosha kwa kuonyesha kama ni ya shule. Kwa sasa mwalimu mwenye kuvuka na mashini tatu ndani ya mufuko hajui kama anachokiombwa ni sheria ao ni tumbo la mutu. Ku barieri za njia, wenye bunduki, wawe wa upande gani, waache laptopu za wanafunzi zipite. Mashini ya dolari 130 yenye kulipa mara tano njiani haiko tena ya bei ya chini.

Kuna uchungu ndani ya jambo hili, na kila mutu wa mashariki anaujua. Koltani ya Masisi inatoa tantali yenye kuingia ndani ya vifaa vidogo vya elektroniki. Kasiterite ya Walikale inatoa bati yenye kushikanisha vipande vya kila kadi ya ordinateri. Kobalti ya Lualaba iko ndani ya batri. Kisha mashini yenye kuundwa na vitu hivyo inazunguka dunia, inatumika miaka saba ndani ya ofisi ya mbali, na inarudi hapa kuuzwa ku kibanda kama okazioni. Mutu anaweza kukasirika, na iko na haki. Lakini kasirani haifundishi mutoto kuandika programu. Mashini imerudi, ya lazima ni iangukie ndani ya mikono yenye itaifungua, itaielewa na itaitumikisha.

Mwaka huu wa shule, prefe mwenye kuwa na timu ya roboti anaweza kufanya jambo moja rahisi mbele ya kuandikia mufazili tena. Aingie darasani saa nane ya muchana, asimame ku mulango, na ahesabu mikono yenye kuwa ku klaviye. Kama ni mikono miwili tu, arudi ofisini, aite kamati ya wazazi, na watume watu watatu ku soko wakiwa na flashi, kadi ya Arduino na kamba yake.